Aikande na Mlima Wenye Pembe Nne

Elisifa alikuwa mtu wa kuamka mapema. Jua lilipochomoza, tayari alikuwa amewasha moto, amekamua ng'ombe na kumkatia majani. Shamba lao lilikuwa Machame, upande wa juu, ambako migomba na mikahawa inasongamana mpaka njia haionekani. Mume wake, Ebenezeri, alikuwa mchapakazi na mpole. Lakini alikuwa mbishi kidogo, na yeye mwenyewe hakujua.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, jina lake Aikande. Mwaka huo, 1995, alikuwa anakaribia kutimiza miaka saba. Alikuwa na macho makali sana. Kahawa ilipochumwa, alikaa chini na mama yake kuchambua. Mbivu aliziweka huku, mbichi kule. Mikono yake ilikwenda mbio na haikukosea. Mimi ninawapenda watoto wa namna hiyo, wanaotazama kitu mpaka wakione.

Aikande hakupelekwa chekechea. Chekechea ilikuwapo, tena jirani, katika jengo la kanisa ng'ambo ya mfereji. Lakini Ebenezeri hakuona maana yake.

"Pale wanacheza tu," alisema. "Kama ni kucheza, acheze hapa nyumbani."

Mwezi wa kumi na moja, shule ya msingi iliwaita watoto wa kuanza darasa la kwanza. Madawati yalikuwa machache na watoto walikuwa wengi. Kwa hiyo kila mtoto aliulizwa maswali kidogo. Elisifa alikuwa amesikia kwamba wataulizwa maumbo, akamfundisha Aikande njiani wakienda shuleni.

"Duara ni kama chungu," alisema. "Mraba ni kama dirisha. Pembetatu ni kama mlima. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Pembetatu ni kama mlima."

Mwalimu aliyewapokea aliitwa Theodory. Alikuwa mtu mwema, ila siku hiyo alikuwa amechoka. Aikande alimsalimia vizuri. Akahesabu vizuri. Kisha Mwalimu Theodory akampa chaki.

"Chora pembetatu."

Aikande alichora bila kusita. Alichora mstari unaopanda, mstari mfupi uliolala juu, mstari unaoshuka, na mstari mrefu chini. Lilikuwa umbo lenye pembe nne.

"Hii ni pembetatu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu Theodory akachora pembetatu yake ubaoni. Aliichora ikiwa imesimama kwa ncha, kichwa chini.

"Na hii ni nini?"

Aikande aliitazama sana. "Hiyo siijui," alisema.

Mwalimu alimgeukia Elisifa. "Mama, mtoto bado. Mlete tena Januari kabla hatujafungua shule. Akishindwa, itabidi asubiri mwaka mwingine."

Elisifa alirudi nyumbani akiwa amevunjika moyo. Aikande alitembea nyuma yake.

Jioni Ebenezeri aliposikia habari hiyo, hakugomba. Alikaa akakuna kichwa. Kisha akasema jambo ambalo Elisifa aliliogopa kuliko ugomvi.

"Dada yangu Gladness, yule wa Kahe kule tambarare, ameomba mtoto wa kumsaidia. Amejifungua, na shamba lake la mpunga linamsubiri. Kama shule haimtaki Aikande, basi aende Kahe amshikie shangazi yake mtoto."

"Kwa muda gani?" Elisifa aliuliza.

"Mpaka mtoto atembee."

"Baba Aikande, akienda Kahe, shule ndiyo basi. Tunawajua waliokwenda hivyo. Nani alirudi kusoma?"

"Mimi simchukii mwanangu," alisema Ebenezeri. "Lakini kama kichwa chake ni kizito, tufanyeje? Tusubiri Januari. Nimeshamwambia dada yangu kwamba huenda atakuja."

Walidhani Aikande amekwenda kuchota maji.

Kuanzia kesho yake, Elisifa aligeuka mwalimu mkali. Alichukua chaki akachora kwenye mlango wa stoo. Mkononi alishika kijiti.

"Sema. Pembetatu ni mlima."

"Pembetatu ni mlima."

"Haya, ichore."

Aikande akachora umbo lile lile la pembe nne. Elisifa akalifuta. Aikande akachora tena, lile lile. Elisifa akampiga kwa kile kijiti kwenye vidole. Mtoto hakulia kwa sauti. Alifuta machozi kwa mkono, akaichukua chaki, akachora tena mlima wake.

Wakati huo huo Mwalimu Eliona alikuwa anaingia uani na chupa yake, amekuja kununua maziwa. Eliona ndiye aliyefundisha chekechea kule kanisani. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na mwepesi wa kucheka. Alisimama, akamtazama Aikande, akatazama mlango, akatazama kijiti mkononi mwa Elisifa.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Aikande.

"Marahaba, mwanangu. Umechora nini hapa?"

"Pembetatu."

Elisifa alidakia. "Unamwona, mwalimu? Tangu asubuhi. Namwambia pembetatu ni mlima, ananichorea vitu vyake. Mimi sijui kichwa hiki kimetoka kwa nani."

Mwalimu Eliona aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Aikande, mlima wenyewe uko wapi?"

Aikande alimshangaa. Mtu mzima anauliza mlima uko wapi? Akanyoosha mkono juu ya migomba.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yamejitenga. Kibo ya Kilimanjaro ilikuwa wazi, nyeupe. Ubavu mmoja ulipanda, ubavu mwingine ulishuka, na juu kabisa kilele kilikuwa bapa, kama watu wote wa Machame wanavyokiona tangu kuzaliwa.

Elisifa alitazama mlima. Akatazama mlango wa stoo. Akatazama tena mlima. Kile kijiti kikaanguka chini.

"Mama Aikande," alisema Mwalimu Eliona kwa upole, "wewe ulikuwa unamwambia mlima wa kwenye vitabu, ule wenye ncha. Mtoto amekuchorea mlima wetu. Wala hakukosea. Amechora alichokiona."

Elisifa alimvuta Aikande kifuani, akashika vile vidole. "Nisamehe, mama yangu," alimwambia. "Nisamehe sana." Alilia pale pale mlangoni, wala hakujificha.

Walipokwisha kunywa chai, Elisifa alieleza yote: habari ya shule, habari ya Januari, habari ya Kahe. Mwalimu Eliona alisikiliza.

"Muda upo," alisema. "Lakini tuanze upya, na tuanze na mikono. Mtoto mdogo anafikiri kwa mikono. Kwanza ashike. Kisha atengeneze. Jina la umbo lije mwishoni, wakati mkono umeshalifahamu."

"Mimi nilianza na jina," alisema Elisifa.

"Wengi wanaanza na jina. Tena usimpe mfano mmoja tu. Ukimwambia pembetatu ni mlima, au ni paa la nyumba, atajua mlima na paa. Pembetatu hataijua. Pembetatu ni pande tatu zilizonyooka na pembe tatu. Ikiwa na hivyo, hata ikipinduka, ni pembetatu."

"Na akikosea?"

"Akikosea, muulize kwanza ameonaje. Leo tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba kosa lilikuwa letu."

Siku hiyo hiyo walianza. Mwalimu Eliona aliomba boksi tupu la sabuni na mkasi. Alikata pembetatu nene na pembetatu nyembamba, ndefu na fupi. Alikata miraba mikubwa na midogo, na mistatili, na maduara. Akayatia yote katika mfuko wa kitambaa.

"Ingiza mkono, usichungulie," alimwambia Aikande. "Shika moja. Niambie mkono wako unaonaje."

Aikande alifumba macho. "Hili halina pembe. Linazunguka tu."

"Vizuri. Jina lake ni duara. Chukua jingine."

"Hili linachoma. Lina ncha. Moja, mbili, tatu."

"Na pande zake?"

Kidole kilitembea polepole ndani ya mfuko. "Tatu."

"Lina pande tatu na pembe tatu. Hiyo ndiyo pembetatu."

Aikande aliitoa mfukoni akaiweka juu ya goti. Ilikuwa nyembamba na ndefu, na wala haikufanana na mlima wowote. Aliigeuza kichwa chini. Akailaza upande. Kila akiigeuza alihesabu pembe zake upya, kana kwamba moja ingeweza kutoroka. Kisha akacheka peke yake. Mimi ningetoa kitu kikubwa kuona uso ule.

Kila alasiri, kazi za shamba zikipungua, somo liliendelea. Siku nyingine Mwalimu Eliona alikuja. Siku nyingine Elisifa alifundisha mwenyewe, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi, maana mama huyu alijifunza haraka kama mwanawe.

Walichukua vijiti vya mkahawa vilivyopogolewa, wakavifunga kwa kamba za mgomba. Vijiti vitatu vilileta pembetatu. Vijiti vinne vya urefu mmoja vilileta mraba. Lakini mraba ule uliposukumwa kidogo, ulilala upande.

"Sasa bado ni mraba?" Elisifa aliuliza.

Aikande alifikiri. "Pande ni sawa. Lakini pembe zimeharibika."

Mwalimu Eliona alikuwa amewafundisha kupima pembe. Unakunja karatasi, kisha unaikunja tena mara ya pili, mkunjo juu ya mkunjo. Unapata kona iliyosimama vizuri. Aikande aliingiza kona ile ndani ya umbo lake. Haikukaa. Akaunyoosha mraba mpaka kona ikakaa barabara.

"Sasa ni mraba," alisema.

Kisha akajaribu kusukuma ile pembetatu ya vijiti. Ikagoma. Akasukuma kwa nguvu. Ikagoma tena.

"Mama, hii hailali."

"Kwa nini?"

"Sijui. Pande zake zimeshikana."

Siku nyingine walichomeka kigingi uani, wakafunga kamba, na mwisho wa kamba wakafunga kijiti chenye ncha. Aikande alizunguka akichora chini, kamba ikiwa imekazwa. Duara kubwa likatokea kwenye vumbi, zuri kabisa. Watoto wa majirani wakaja kuona, nao wakataka kuzunguka. Wengine walisimama juu ya mstari, na Aikande akapeleka kamba kwa kila mmoja.

"Kila mtu yuko mbali sawasawa na kigingi," aliwaambia. "Ndiyo maana linaitwa duara."

Hakuna mtu aliyemfundisha kusema hivyo. Elisifa alisikia akiwa jikoni anamenya ndizi. Aliacha kumenya.

Ebenezeri aliyaona haya yote akipita na mzigo wa majani. Alasiri moja alishindwa kunyamaza.

"Mwalimu, shikamoo. Samahani, lakini hii ni shule au ni mchezo?"

"Marahaba, Baba Aikande. Ni vyote viwili," alisema Mwalimu Eliona. "Mtoto akicheza hivi, anahesabu, anapima, anafananisha na kutofautisha. Hesabu za darasa la kwanza zinaanzia hapa. Hata wewe ulijifunza kupogoa mkahawa kwa kushika mkasi. Hukujifunza kwa kuimba."

"Mimi si mtoto."

Aikande alikuwa ameshainua mfuko wake. "Baba, ingiza mkono. Usichungulie."

Ebenezeri alimtazama Elisifa, akatazama mfuko. Akaweka mzigo chini na kuingiza mkono. Mkono ule mkubwa uliujaza mfuko wote.

"Huu ni mraba," alisema mara moja.

"Umejuaje?" Aikande aliuliza.

"Una pembe nne. Hata mimi nimesoma."

"Zipime pande, baba. Kwa kidole. Usiwe na haraka."

Ebenezeri alipima. Kidole chake kilikwenda, kikarudi. "Huu upande ni mrefu," alisema. "Na huu ni mfupi."

"Basi ni mstatili," alisema Aikande. "Usijali, baba. Ukizoea utajua."

Mwalimu Eliona alitazama pembeni asicheke. Elisifa hakuweza, alicheka mpaka akashika mbavu. Ebenezeri naye akatabasamu. Lakini alipobeba mzigo wake, alisema, "Tutaona Januari. Shule ndiyo itakayosema." Na Elisifa akajua kwamba habari ya Kahe ilikuwa bado ipo.

Januari ilifika. Safari hii Ebenezeri alikwenda pia. Alivaa shati lake la kanisani. Walikaa kwenye benchi la nyuma darasani. Mwalimu Theodory alimkumbuka Aikande.

"Karibu tena," alisema. "Leo tuone."

Alichora ubaoni pembetatu ndefu, nyembamba, imesimama kwa ncha. Ebenezeri alisogea mbele kwenye benchi. Aikande aliitazama juu mpaka chini. Elisifa aliomba Mungu kimoyomoyo.

"Naomba kuigusa, mwalimu," alisema Aikande.

"Iguse."

Mtoto alikwenda ubaoni. Alipitisha kidole kwenye upande mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akagusa pembe moja moja, nyingine akiifikia kwa kusimama kwa vidole vya miguu.

"Ni pembetatu."

"Lakini mbona imepinduka?"

"Hata mimi nikilala, mwalimu, bado ni Aikande."

Mwalimu Theodory aliweka chaki chini. Alimtazama mtoto, kisha akawatazama wazazi wake. Akachora mraba uliokaa kwa kona. Aikande akaomba karatasi, akaikunja mara mbili, akapima pembe, akapima pande, akasema ni mraba. Mwalimu akachora umbo lenye pande tatu, lakini upande mmoja ulikuwa umepinda. Aikande akakataa.

"Hiyo siyo. Upande huu haujanyooka."

"Nani amekufundisha haya yote?"

Elisifa alidhani atasema Mwalimu Eliona, na ingekuwa haki. Aikande aligeuka akanyoosha kidole kwenye benchi la nyuma.

"Mama."

Kisha akaongeza, "Na Mwalimu Eliona amemfundisha mama."

Mwalimu Theodory alimwandikisha pale pale. Akamwomba Elisifa aje siku moja na Mwalimu Eliona wawaonyeshe wazazi wengine namna ile, pamoja na ule mfuko. "Na mimi nitakuja kujifunza," alisema. "Safari iliyopita nilimwona mtoto huyu hajui, wala sikumuuliza ameonaje." Elisifa alisema tu, "Aika," asante ya nyumbani, tena na tena.

Walirudi kwa njia ya juu, ile inayofuata mfereji. Elisifa alitangulia, akitembea kama msichana. Ebenezeri alimshika Aikande mkono.

"Baba," alisema Aikande, "sasa Kahe nitakwenda lini?"

Ebenezeri alisimama. Mbele yao Elisifa naye alisimama.

"Nani alikwambia habari ya Kahe?"

"Niliwasikia. Ulisema kichwa changu ni kizito, na niende nikamshike mtoto wa shangazi."

Mtoto huyu alikuwa amebeba maneno yale siku zote, akiwa na mfuko wake na vijiti vyake, na hakumwambia mtu.

"Kwa hiyo ulijitahidi ili usiende?" Elisifa aliuliza.

"Hapana, mama. Nilijua nitakwenda tu. Nilijifunza ili nikamfundishe yule mtoto. Asije akaambiwa na yeye kichwa chake ni kizito."

Ebenezeri alichutama katikati ya njia, na shati lake la kanisani. Alimshika mwanawe mabega yote mawili.

"Kichwa chako si kizito," alisema. "Nilisema vibaya, na nimeona aibu. Huendi Kahe. Wewe unakwenda shule."

"Na mtoto wa shangazi?"

Ebenezeri aliinuka, akamshika tena mkono.

Jumamosi hiyo hakwenda kunywa mbege, pombe ya ndizi, na wenzake. Alikaa uani na mkasi na boksi la sabuni, akakata maumbo. Aikande alisimama nyuma yake, akapima kila kona kwa karatasi yake, na zile zilizopinda akamrudishia azikate upya. Elisifa alishona mfuko. Mmoja wa majirani alikuwa anashuka Kahe kununua mchele, na Ebenezeri akampa mzigo huo ampelekee dada yake, pamoja na ujumbe wa mdomo: Aikande ameanza shule, atafute msichana mkubwa wa kumsaidia, na mtoto akishaanza kukaa, apewe mfuko huu aushike.